Jinsi ya kuthibitisha tajriba ya kazi bila barua ya mwajiri

Wakenya wengi wanaotafuta makao ya kudumu nchini Canada huwa tayari na vyeti vya masomo na matokeo ya mtihani wa lugha, lakini hukwama penye sharti moja: barua ya mwajiri. Huenda kampuni ilifungwa, mwenye biashara akaaga dunia, au mkubwa wa zamani akakataa kutia sahihi kwa kinyongo.

Chini ya mfumo wa Express Entry, Idara ya Uhamiaji ya Canada hutaka barua kwenye karatasi rasmi ya kampuni, inayotaja cheo, tarehe za ajira, majukumu, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu. Anayealikwa kutuma ombi hupewa siku 60 pekee. Kwa hivyo, ushahidi ukusanywe mapema.

Kwanza, mfanyakazi afahamu haki yake. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri kumpa anayeondoka cheti cha utumishi, hata aliyefutwa, mradi alifanya kazi kwa majuma manne mfululizo. Mwajiri anayekataa makusudi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi sita, au adhabu zote mbili. Malalamishi huwasilishwa kwa afisa wa leba. Hata hivyo, sheria haimlazimu mwajiri kuandika barua ya kusifu tabia au utendakazi.

Cheti hicho huonyesha aina na mahali pa kazi, pamoja na tarehe za kuanza na kuacha. Hakilazimiki kueleza majukumu wala saa, na hapo ndipo penye pengo.

Malipo huthibitishwa kwa hati za mshahara, taarifa za benki na fomu za P9. Aliyezipoteza anaweza kujipatia rekodi zake za ushuru kutoka KRA, na taarifa ya michango kutoka NSSF ikiwa mwajiri alikuwa akiiwasilisha.

Majukumu nayo huthibitishwa kwa mkataba, barua za kupandishwa cheo, na hati ya kiapo ya msimamizi au mfanyakazi mwenza wa zamani, iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Shahidi aeleze alivyomfahamu mwombaji, kazi aliyomwona akifanya na saa zake, kisha aambatanishe ithibati kwamba naye aliajiriwa hapo.

Hatimaye, mwombaji aandike barua ya kueleza kwa nini hana barua ya mwajiri, akiambatanisha nakala za maombi aliyotuma bila kujibiwa.

Uamuzi hubaki mikononi mwa afisa wa uhamiaji, na huenda asiridhike. Lakini kughushi barua ni hatari zaidi: anayepatikana amedanganya huweza kufungiwa milango ya Canada kwa miaka mitano.