Unasaji wa Nje ya Kinywa na Ukwapuzi wa Samaki

Katika uvuvi wa mshipi unaofanywa kwa burudani, samaki huhesabiwa kuwa amevuliwa kihalali pale anapokidaka chambo mwenyewe na ndoana ikamkaa kinywani. Ndoana ikimchoma ubavuni, tumboni, kwenye pezi au mkiani, mvuvi amempata lakini hakumvua, na tukio hilo ndilo linaloitwa hapa unasaji wa nje ya kinywa. Jina hili ni refu, ila lina faida ambayo istilahi fupi kama "unasaji mbaya" haina, kwa kuwa linataja mahali ndoana ilipoingia bila kumhukumu aliyeshika fimbo.

Mara nyingi hakuna wa kuhukumiwa. Mkazi wa Kileleshwa, jijini Nairobi, anayependa kuvua trauti hatarajii kuwapata katika Kirichwa Kubwa, kijito kinachopita kando ya Arboretamu, bali hupanda hadi Aberdare, kwenye mito kama Gura, ambako mlowezi Ewart Grogan aliingiza trauti kutoka Uskoti mwaka 1905. Huko hutumia chambo bandia cha manyoya kinachofanana na mdudu. Trauti huibuka, akakikaribia chambo, kisha akaghairi na kugeuka; mvuvi aliyekwisha kuinua fimbo kwa pupa huikuta ndoana imepita chini ya taya na kuzama kwenye pezi la kifuani. Samaki wa namna hiyo huvutwa kwa ubavu dhidi ya mkondo, kwa hiyo mshipi huwa mzito, mvutano hurefuka, na mvuvi hudhani amebahatika kupata dume kubwa, hali samaki mwenyewe anaishiwa nguvu.

Jambo la pili, lililo tofauti kabisa, ni ukwapuzi: kuiburuta ndoana kusudi katikati ya samaki waliosongamana, aghalabu wakati wa kutaga ambapo wengine, kama samoni, huwa wameacha kula, ili imchome yeyote atakayekutana nayo. Dalili zake ni ndoana ya meno matatu, chubwi zito, na mivuto ya nguvu inayofuatana hata pasipo samaki aliyegusa chambo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1975 kuhusu samoni na samaki wa maji baridi imekataza vifaa vya ukwapuzi, na imevitambulisha kwa kusudi lake, hata kama vimefungwa kwenye fimbo na mshipi wa kawaida. Uamuzi huo ni wa busara, maana ndoana ileile yaweza kuwa halali mkononi mwa huyu na haramu mkononi mwa yule.

Hata hivyo, nia haitoshi kumruhusu mvuvi abaki na samaki. Huko Alaska, katika maji baridi, samaki aliyenaswa nje ya kinywa bila kukusudia lazima aachiliwe papo hapo, kwa sababu kama ajali ingekubaliwa kuwa udhuru, kila mkwapuzi angedai amepata ajali. Shirika la kimataifa la IGFA, linalotunza rekodi za uvuvi wa burudani, limechagua njia nyingine: linafuta rekodi ya samaki aliyenaswa hivyo kwa makusudi, jambo linalowahusu pia wavuvi wa sulisuli huko Watamu na Malindi.

Nchini Kenya, sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 imekaza zaidi katika leseni na katika njia za maangamizi kama baruti, sumu na umeme. Katika Ziwa Victoria nako mbuta, ambao Tanzania huitwa sangara, hupimwa kwa urefu wa kati ya sentimita 50 na 85, bila kujali ndoana ilikaa wapi, kwa kuwa uvuvi wa huko ni wa kitoweo na biashara. Mvuvi wa Gura hafai kujificha nyuma ya kipimo hicho. Akimkuta trauti ana ndoana pezini, alowanishe mikono kwanza, amchomoe ndoana akiwa bado majini, na amwachie aende zake.