Michezo ya video ya mbio za magari: usukani unahisiwaje, kutoka Jinja hadi Mbale

Msafiri anayevuka Mto Nile mjini Jinja kwa daraja lililofunguliwa mwaka 2018, lenye urefu wa mita 525, kisha akaendelea mashariki hadi Mbale, hupita karibu kila aina ya njia ambayo watengenezaji wa michezo ya video ya mbio za magari huitafuta. Kuna miwa ya Kakira, kuna lami iliyonyooka katika maeneo ya mabwawa upande wa Tirinyi, na mwisho kuna ukuta wa mwamba wa Wanale unaoutazama mji wa Mbale kutoka juu. Pembeni mwa lami hiyo zimejaa njia za udongo mwekundu, ambako raundi za ubingwa wa taifa wa rali nchini Uganda zimefanyika mara kwa mara.

Gari la rali ni ghali, na vijana wengi wa miji hiyo miwili hawatakaa katika kiti chake. Usukani wanaoweza kuufikia ni ule wa mchezo wa video, unaochezwa nyumbani au katika vibanda vya kulipia. Makala hii inaeleza mchezo huo unavyofanya kazi, kwa nini gari moja la kwenye kioo huhisiwa zito na jingine jepesi, na ni wapi hisia hiyo inapoachana na barabara halisi.

Hesabu iliyo nyuma ya kioo

Gari la kwenye mchezo halina chuma wala mafuta. Ni hesabu inayofanywa upya mara nyingi katika kila sekunde. Kompyuta hupima kasi, uzito wa gari, mwelekeo wa magurudumu na hali ya barabara, kisha huamua gari litakuwa wapi punde inayofuata.

Kiini cha hesabu hiyo ni mshiko wa tairi. Kila tairi hugusa ardhi kwa eneo dogo, linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono, na mshiko wake una kikomo. Dereva anaweza kuutumia kufunga breki, kukata kona, au kugawanya baina ya hayo mawili. Anayefunga breki kwa nguvu zote huku akikata kona anadai kuliko tairi inavyoweza kutoa, na gari huendelea mbele ingawa usukani umeshageuzwa. Mchezo mzuri huuonyesha ukweli huo bila huruma, na ule hafifu humruhusu mchezaji kupita kona yoyote kwa kasi yoyote.

Jambo la pili ni kuhama kwa uzito. Gari linapofunga breki, uzito hulalia magurudumu ya mbele na mkia huwa mwepesi. Linapoongezwa mwendo, uzito hurudi nyuma. Madereva wa rali huitumia tabia hiyo kwa makusudi: hugusa breki kabla ya kona, hukata usukani, huuacha mkia uteleze, kisha huurudisha usukani upande ule mkia unakoelekea na kukanyaga mafuta. Mchezaji anayeposema kwamba gari fulani "lina uzito", aghalabu anausifu mchezo unaoigiza kuhama huko kwa usahihi.

Macho na masikio badala ya mwili

Katika gari halisi, dereva huhisi mkia ukiteleza kwa mgongo na tumbo kabla macho hayajauona. Mbele ya kioo, mwili umekaa kimya. Mchezaji hupata habari kwa kuona, kusikia na kushika tu, na ndiyo maana huchelewa kidogo kugundua kosa.

Watengenezaji hulifidia pengo hilo kwa njia kadhaa. Sauti ya tairi zinazolia kwenye lami hutiwa chumvi ili imwonye mchezaji mapema. Padi hutetemeka mkononi gurudumu linapopanda ukingo wa barabara. Usukani maalumu wa mchezo, ambao baadhi yake huzunguka nyuzi 900 kama wa gari la kawaida, huwa na mota inayousukuma dhidi ya mikono. Tairi za mbele zikikaribia kupoteza mshiko, usukani huo hulegea ghafla, na mchezaji mzoefu husoma ulegevu huo kama onyo.

Wakati nao una uzito wake. Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha karibu kila baada ya elfu 17 za mikrosekunde, yaani chini ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Picha zikipungua, au televisheni ikichelewa kuzionyesha, gari huonekana kuwa bishi. Mchezaji hulaumu gari, kumbe ucheleweshaji uko kwenye kioo.

Hata kasi yenyewe ni suala la jicho. Kilomita 100 kwa saa katikati ya kuta mbili za miwa huonekana kali kuliko kasi hiyo hiyo katika uwanda wazi, kwa sababu vitu vya karibu hupita upesi machoni. Kwa sababu hiyo hiyo, mchezaji anayechagua kuona kutoka juu ya boneti huhisi anakwenda kasi zaidi kuliko anayelitazama gari lake kutoka nyuma.

Kutoka burudani hadi uigaji

Michezo hii imegawanyika katika familia mbili. Ya kwanza ni ya burudani, ambayo hutaka mchezaji afurahi tangu dakika ya kwanza. Sega Rally Championship, iliyotoka mwaka 1994 katika mashine za kumbi za michezo, ni mfano unaokumbukwa: ni rahisi kushika, lakini gari lilibadilika tabia kulingana na ardhi. Familia ya pili ni ya uigaji, inayotaka gari lifuate sheria za fizikia. Gran Turismo, iliyotoka Japani Desemba 1997, iliwapa wachezaji magari ya kawaida ya nchi hiyo. Kwa Mganda mchezo huo una mvuto wa pekee, kwa kuwa magari mengi ya Uganda huingizwa yakiwa yametumika Japani, na Subaru Impreza inayoshindana kwenye kioo hupita pia katika mitaa ya Jinja.

Kwa upande wa rali, Colin McRae Rally ilitoka mwaka 1998 kwa jina la dereva wa Scotland ambaye alishinda Safari Rally mara tatu, mwaka 1997, 1999 na 2002. Toleo la pili, la mwaka 2000, lilikuwa na njia za Kenya. Kenya ilionekana tena katika WRC 9 ya mwaka 2020 na EA Sports WRC ya mwaka 2023. Kwa mchezaji wa Mbale, vumbi hilo la Kenya ndilo lililo karibu zaidi na la nyumbani. Nalo si geni kwa historia: mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Shekhar Mehta, aliyeyashinda mara tano, alizaliwa Uganda.

Kile ambacho michezo bado huigiza kwa shida ni udongo wenyewe. Njia ya udongo chini ya Mlima Elgon hubadilika ndani ya saa moja. Ikiwa kavu, huwa na changarawe inayoviringika chini ya tairi. Mvua ikinyesha, huteleza kama sabuni. Magari yakishapita mengi, huchimbika mifereji inayolishika gurudumu na kuliongoza itakako. Michezo mingi huipa kila njia hali moja kuanzia mwanzo wa mbio hadi mwisho.

Je, mchezo hufundisha kuendesha?

Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 2008 kampuni za Nissan na Sony zilianzisha GT Academy, shindano la kuwatafuta madereva miongoni mwa wachezaji wa Gran Turismo. Jann Mardenborough wa Uingereza alishinda mwaka 2011, na mwaka 2013 alikuwa katika timu iliyomaliza ya tatu katika daraja lake kwenye mbio za saa 24 za Le Mans. Mchezo ulikuwa umemfundisha mstari wa kupita kona, mahali pa kufunga breki na utulivu wa kurudia zoezi mara mia. Hata hivyo, kabla ya kushindana alipitia mafunzo katika magari halisi.

Waganda waliofika mbali katika mchezo huu walijifunzia barabarani. Charles Muhangi alitwaa ubingwa wa rali wa Afrika mwaka 1999, na Susan Muwonge akawa mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 2011.

Kile ambacho kioo hakifundishi ni woga. Gari la mchezo likipinduka, kitufe kimoja hulirudisha barabarani. Katika barabara za Uganda, takwimu za polisi zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 5,000 walipoteza maisha kwa ajali mwaka 2024. Fizikia ni ile ile, ila gharama ni tofauti. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa kwenye lami kavu huhitaji takribani mita 14 kusimama tangu breki ishike. Kwa kilomita 100 kwa saa huhitaji takribani mita 55, kwa sababu kasi ikiongezeka maradufu, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Hapo haujahesabiwa muda wa dereva kushtuka, wala udongo uliolowa, wala bodaboda inayochomoza kutoka kwenye miwa.

Mchezaji anayetaka kujifunza kitu chenye manufaa anaweza kuanza kwa kuzima misaada ya kompyuta inayofunga breki kwa niaba yake. Kisha achague gari dogo na njia moja, aipite mara nyingi, na apime ni mita ngapi kabla ya kona anapaswa kuanza kupunguza mwendo. Ataona kwamba anayefunga breki mapema na kutoka kwenye kona akiwa ametulia humaliza mbele ya anayeingia kwa pupa. Somo hilo ni miongoni mwa machache yanayotoka kwenye kioo hadi barabara ya Jinja na Mbale bila kupoteza ukweli wake.