Uvuvi wa dagaa kwa taa
Uvuvi wa usiku wa giza katika Ziwa Tanganyika, unaolisha Kasingirima na kata nyingine za Kigoma Ujiji. Taa, zamani karabai na siku hizi za sola, huvuta vijidudu vya majini. Dagaa, hasa Stolothrissa tanganicae, huvifuata, na samaki waitwao migebuka huwafuata dagaa. Wavu uliozamishwa huinuliwa taratibu hadi maji yameremete kama fedha. Mbalamwezi ikitoka, taa haifui dafu. Wavuvi hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Dagaa huanikwa mchangani au kwenye vichanja. Wa kichanjani hana mchanga, na mlaji hulijua hilo kwa tonge la kwanza. Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani humo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, samaki wazaliane.