Kutoka Maikrofoni hadi Wizarani: Mwana FA na Milango ya Katiba

Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa Oktoba 2020, wanamuziki wawili wa hip hop waliokuwa bungeni walipoteza viti vyao, na wa tatu akaingia. Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu, aliyekuwa Mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010, alitangazwa kushindwa na Tulia Ackson. Joseph Haule, yaani Profesa Jay, aliondoka Mikumi baada ya muhula mmoja. Wote wawili walikuwa wa chama cha upinzani cha CHADEMA, na chama chao kiliyapinga vikali matokeo ya uchaguzi huo. Hamis Mwinjuma, anayejulikana kama Mwana FA, aligombea Muheza, mkoani Tanga, kwa tiketi ya chama tawala, CCM, akashinda. Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akamteua kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo.

Wengi hueleza safari hii kwa umaarufu: msanii anapendwa, mashabiki wanageuka wapiga kura, basi. Maelezo hayo hayatoshi. Sugu ni miongoni mwa waanzilishi wa kurap kwa Kiswahili, na wimbo wa Profesa Jay, "Ndiyo Mzee", unaomchora mgombea mwenye ahadi za uongo, ulijulikana kote Afrika Mashariki miaka mingi kabla mwenyewe hajaomba kura. Kama umaarufu peke yake ungekuwa ndio ngazi, hao wangetangulia kufika. Hoja yangu ni kwamba msanii hafikishwi wizarani na sauti yake. Hufikishwa na milango ambayo katiba na vyama vimeijenga, na kila mlango humdai kitu.

Mlango wa kwanza ni chama. Sheria za Tanzania haziruhusu mgombea binafsi, kwa hiyo msanii anayetaka ubunge lazima avae rangi za chama fulani. Mlango wa pili ni Bunge lenyewe, kwa kuwa mawaziri na manaibu wao huteuliwa miongoni mwa wabunge. Wa tatu ni uteuzi wa Rais. Msanii wa upinzani anaweza kuupita wa kwanza na wa pili, kama walivyofanya Sugu na Profesa Jay, lakini wa tatu umefungwa mbele yake. Sugu alilipa zaidi ya hapo: mwaka 2018, akiwa mbunge, alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno yaliyoonekana kumfedhehesha Rais.

Kenya imeipanga milango hiyo kwa namna nyingine kabisa. Tangu Katiba ya 2010, waziri hawezi kuwa mbunge. Mwanamuziki Jaguar, aliyechaguliwa kuiwakilisha Starehe mwaka 2017, angelazimika kukiacha kiti hicho ili awe waziri. Chukua kijana anayeandika mistari Kona Baridi, au Kitengela upande wa pili wa Kajiado. Anaweza kugombea bila chama chochote, jambo ambalo Mwana FA hakuruhusiwa kulifanya. Lakini akitaka kuongoza wizara hatapitia kura: atateuliwa, kisha atahojiwa na Bunge la Taifa. Hata katika serikali ya kaunti ya Kajiado, ambako shughuli za utamaduni na burudani zimegatuliwa, waziri wa kaunti huteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti bila yeye kuwa mwakilishi wa wadi. Jirani yake wa Muheza hupata mamlaka akiwa na wapiga kura wa kuwajibika kwao. Kijana wa Kajiado angeyapata akiwa na aliyemteua tu. Sioni kwamba njia yetu ya Kenya ni bora katika hili. Waziri wa sanaa asiyepigiwa kura na mtu yeyote hana jimbo la kumkumbusha alikotoka.

Sasa nimrudie Mwinjuma mwenyewe, kwa sababu milango haielezi kila kitu. Alianza kutoa albamu mwanzoni mwa miaka ya 2000, akashirikiana kwa muda mrefu na Ambwene Yesaya, AY, na baadaye akasoma shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Coventry, Uingereza. Ila kwangu tukio kubwa katika maisha yake ya sanaa lilitokea mahakamani. Yeye na AY waliishtaki kampuni moja kubwa ya simu kwa kutumia nyimbo zao mbili, "Dakika Moja" na "Usije Mjini", kama miito ya simu bila idhini yao. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni mbili. Kampuni ilikata rufaa.

Umuhimu wa hukumu hiyo haumo katika kiasi cha fedha. Kwa miaka mingi msanii wa Afrika Mashariki alizoea kuomba: aombe redio impige, aombe promota amlipe, aombe mdhamini amkumbuke. Hapa wasanii wawili walisimama mbele ya hakimu kama wamiliki wa mali, wakiitegemea Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ambayo wenzao wengi hawakuwahi kuifungua. Mtu aliyepita huko anaingia wizarani akijua pengo liko wapi, kwani amelipia wakili kulitafuta. Huku kwetu, kila matatu ya Rongai inayopanda Magadi Road ikitikisa madirisha kwa muziki inauza safari kwa jasho la mtu fulani. Swali la nani analipwa kwa jasho hilo ni la kisiasa sawa na la barabara.

Mwaka mmoja kabla ya uteuzi wake, Januari 2022, COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, iligawa mirabaha kwa wasanii ambao nyimbo zao zilipigwa redioni. Hapo ndipo elimu ya Ilala ingeweza kuzaa sera.

Lakini wizara yake hiyohiyo ndiyo inayosimamia BASATA, baraza lenye uwezo wa kuwaita wasanii kujieleza na kufungia nyimbo. Mwaka 2024 baraza hilo lilimtaka rapa Ney wa Mitego ajibu tuhuma kuhusu wimbo wake "Nitasema". Naibu waziri aliyekuwa msanii wa hip hop alikuwa ofisini. Uwajibikaji wa pamoja humfunga kila mjumbe wa serikali: hawezi kuitetea hadharani kazi ambayo taasisi iliyo chini ya wizara yake inaishtaki. Huu ndio ushuru wa mlango wa tatu, na ni mzito kuliko ule wa chama, kwa sababu unagusa kitu kilekile kilichomfanya msanii asikilizwe.

Wapo watakaosema kwamba heri awepo mtu anayeielewa sanaa ndani kuliko asiwepo. Nakubali, kwa sharti moja. Haki ya malipo na haki ya kusema si haki mbili ambazo waziri anaweza kuipigania moja na kuiacha nyingine. Wimbo uliofungiwa haupigwi redioni, na usiopigwa hauna mirabaha. Hakimiliki ya wimbo usioruhusiwa kusikika hailipi kodi ya nyumba ya mtu yeyote, si Muheza, si Mbeya, wala Kona Baridi.