Taa ya cheki injini imewaka? Soma namba ya kosa kabla ya kuchomoa betri

Spana namba 10 na dakika chache zinatosha kuizima taa ya cheki injini kwenye Toyota nyingi zinazotembea Karagwe na Kyerwa. Unalegeza waya hasi wa betri, unasubiri kidogo, unarudisha, unapiga stata. Dashibodi safi, safari inaendelea.

Shida ni kwamba kilichofutwa ni kumbukumbu ya kosa tu. Kosa lenyewe bado lipo kwenye gari.

Kwa anayeendesha mjini Dar es Salaam hilo si jambo kubwa sana, maana fundi umeme yuko kila kona. Lakini barabara ya Omurushaka kwenda Murongo, mpakani mwa Uganda, ni zaidi ya kilomita 100, na sehemu kubwa yake kwa miaka mingi imekuwa changarawe. Mchomoko uliojaa abiria ukizimika usiku kati ya Nkwenda na Kaisho, fundi mwenye mashine ya kupimia huenda yuko Kayanga, au Bukoba kabisa. Na hata akifika, hana cha kusoma. Dereva alishakifuta asubuhi.

Taa inasema nini hasa

Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wengi huiita kontrol boksi, inapokea taarifa kutoka kwenye sensa: hewa inayoingia, joto la maji, mzunguko wa injini, moshi unaotoka. Taarifa moja ikitoka nje ya kiwango, kompyuta inaandika namba ya kosa na kuwasha taa ya njano yenye picha ya injini.

Taa ikiwaka bila kupepesa, na gari linavuta vizuri, unaweza kuendelea taratibu hadi kwa fundi. Ikiwa inapepesa, hiyo ni habari nyingine. Kawaida maana yake injini inamisi, yaani silinda mojawapo haichomi mafuta sawasawa. Petroli ambayo haijaungua inakwenda kuchomekea kwenye masega ya ekzosi na kuyapasha moto hadi yaharibike. Punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Kupanda milima ya Karagwe huku taa inapepesa ni kutafuta hasara.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Kuna makosa ambayo kompyuta haiwashi taa mara ya kwanza inapoyaona. Inasubiri yajirudie kwenye safari ya pili. Ndiyo maana ukichomoa betri taa inaweza kukaa siku nzima au mbili bila kurudi, na dereva akaamini gari limepona.

Kinyume chake pia ni kweli. Tatizo likitengenezwa vizuri, kwenye magari mengi yenye mfumo wa OBD2 taa huzima yenyewe baada ya safari kama tatu ambazo kompyuta haijaona kosa. Kama fundi wako kabadilisha kilichokufa, wala hulazimiki kugusa betri.

Kusoma namba ukiwa nyumbani

Chini ya usukani, kwa kawaida upande wa dereva, kuna soketi yenye matundu 16. Hapo ndipo mashine inapochomekwa. Siku hizi kuna vifaa vidogo vya Bluetooth, vingi vinauzwa kwa jina la ELM327, vinavyoongea na programu ya kwenye simu kama Torque au Car Scanner. Unachomeka, unawasha swichi bila kupiga stata, unaunganisha simu, namba zinatokea.

Herufi ya kwanza inakuonyesha eneo. P ni injini na gia boksi, C ni breki na mambo ya chini ya gari, B ni bodi, U ni mawasiliano kati ya kompyuta moja na nyingine. P0301 ina maana silinda ya kwanza inamisi. P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta. P0118 ni umeme wa sensa ya joto la maji uko juu kuliko inavyotakiwa, mara nyingi waya umekatika au soketi imechomoka. P0420 ni masega hayafanyi kazi yake.

Piga picha ya skrini. Hiyo picha moja, ukiituma WhatsApp kwa fundi aliye Kayanga wewe ukiwa Isingiro, inaweza kukuokolea safari nzima.

Namba haisemi "badilisha sensa" lakini. Inasema mahali pa kuanza kutafuta. Watu wengi wamenunua sensa mpya kwa P0171 kumbe paipu ya hewa imepasuka nyuma ya ea klina.

Kuna kikwazo kwa magari yetu. Mengi yametengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, si Marekani ambako mfumo wa OBD2 ulikuwa lazima tangu magari ya mwaka 1996. Toyota ya zamani kidogo inaweza kuwa na soketi ileile ya matundu 16 lakini ikakataa kabisa kuongea na kifaa cha bei poa. Kifaa si lazima kiwe kibovu, ni lugha tu hazifanani.

Kwa Toyota nyingi za aina hiyo ipo njia ya kizamani: swichi ikiwa imezimwa, unaunganisha tundu la 4 na la 13 kwa kipande cha waya, kisha unawasha swichi. Taa ya cheki injini inaanza kupepesa yenyewe. Mara tatu, kituo, mara moja: kosa namba 31. Ikipepesa mfululizo bila kituo, hakuna kosa lililohifadhiwa. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kugusa, kwa sababu tundu la 16 lina umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, na shoti hapo si ya mchezo. Kama huna uhakika, mwachie fundi umeme.

Sababu za huku kwetu

Video nyingi za YouTube zinaanza na ushauri wa kukaza mfuniko wa tangi la mafuta. Ushauri huo ni wa magari ya Marekani, ambayo sheria inayataka yajipime uvujaji wa mvuke wa petroli. Probox au IST iliyotoka Japani mara nyingi haina kipimo hicho. Kaza mfuniko, ndiyo, ila usitegemee taa izime.

Mshukiwa wa kwanza hapa ni vumbi. Kiangazi, barabara za changarawe za Kyerwa zinajaza ea klina haraka kuliko ratiba yoyote iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Vumbi likipenya linakwenda kukaa kwenye sensa ya hewa, kompyuta inapewa hesabu ya uongo, gari linapoteza nguvu mlimani na linakula mafuta. Sensa hiyo inasafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Usiiguse kwa kidole wala kitambaa, waya wake wa ndani ni mwembamba mno.

Wa pili ni maji. Kuosha injini kwa mashine ya presha ili gari ling'ae kunapeleka maji kwenye mashimo ya plagi na soketi za koili. Saa moja baadaye gari linamisi na mwenye gari haelewi. Mvua kubwa na madimbwi nayo hufanya hivyo hivyo.

Kisha kuna petroli ya kwenye madumu na chupa, ambayo vijijini wakati mwingine ndiyo pekee iliyopo. Ikiwa na maji au mafuta ya taa ndani, nozeli na plagi zinalalamika. Ongeza na panya. Gari likilala siku kadhaa karibu na migomba au ghala la maharage, wanaingia chini ya boneti na kutafuna waya. Kabla hujamlipa mtu, fungua boneti na uangalie kwa macho.

Oili iliyochakaa pia iko kwenye orodha. Injini za Toyota zenye VVT-i hutumia presha ya oili kubadilisha majira ya valvu, na oili ikigeuka tope kale kachujio kadogo ka njia hiyo kanaziba. Taa inawaka, na dawa yake huenda ni kumwaga oili tu na kusafisha.

Kufuta: mashine kwanza, betri mwisho

Njia safi ni kutumia programu ya simu au mashine ya fundi. Unabonyeza kufuta, injini ikiwa imezimwa na swichi ikiwa imewashwa, basi.

Kama kifaa hakipo, kwa Toyota za zamani kuna fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Zima swichi, ichomoe kwa sekunde 10 au zaidi, irudishe palepale. Hii inafuta kumbukumbu ya injini bila kugusa saa wala redio.

Betri ni chaguo la mwisho. Zima kila kitu, toa funguo, legeza waya hasi, ule wenye alama ya kutoa, na si ule chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche. Subiri dakika kadhaa, na usianze kugusa waya wowote wa eabegi ndani ya sekunde 90 za mwanzo, kwa sababu mfumo huo hubaki na umeme kwa muda.

Sasa hapa ndipo watu wengi hulia. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani zikikosa umeme zinajifunga. Ukirudisha betri skrini inadai kadi au diski ya ramani ambayo gari lilikuja bila nayo, au inadai namba ya siri. Dereva aliyetaka kuzima taa bure anaishia kumlipa mtu wa kufungua redio. Kama redio yako ni ya aina hiyo, usiguse betri.

Vioo vya umeme navyo vinaweza kusahau mwisho wao, na silensa inaweza kuwa juu au gari likataka kuzima ukisimama. Kompyuta inajifunza upya. Liwashe, liache likiwa silensa dakika kumi hivi bila kukanyaga mafuta, kisha endesha kawaida. Kwenye otomatiki gia zinaweza kugonga kidogo siku ya kwanza. Hali hiyo ikiendelea wiki, si kujifunza tena.

Magari mapya zaidi huhifadhi makosa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme. Hayo unaweza kuchomoa betri usiku kucha na asubuhi taa ikakusalimia.

Taa ambazo hazihusiki na hadithi hii

Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili ikiwaka gari likitembea, zima injini hapohapo. Si baada ya kufika kijiji kinachofuata. Taa ya joto vilevile. Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto; zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikizidi moto. Mtu aliyezoea kutazama mshale anaweza asiione mapema.

Taa ya eabegi na ya ABS zina kompyuta zao, na kwa kawaida hazizimwi kwa mchezo wa betri. Kuna mafundi wanaotoa balbu ya taa ya eabegi ili dashibodi ipendeze. Hapo gari limebaki bila ulinzi na bila taarifa pia.

Na Land Cruiser za dizeli zenye injini ya 1HZ, ambazo bado zinapiga kazi sana vijijini, pampu yake ni ya kawaida isiyoendeshwa na kompyuta. Taa inayowasumbua wenye nazo ni T-BELT. Hiyo haioni kosa lolote, inahesabu kilomita tu, kwa nyingi kila 100,000 na baadhi 150,000, kukumbusha mkanda wa taimingi ubadilishwe. Inazimwa kwa mkono kwenye dashibodi baada ya mkanda mpya kufungwa. Ikizimwa bila mkanda kubadilishwa, na mkanda ukakatika, valvu na pistoni zinagongana.

Unanunua gari la mkononi

Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ila soko la magari ya mkononi bado ni moja, na msimu wa kahawa ukilipa ndipo gari nyingi hubadilisha wenyewe. Kufuta taa asubuhi ya siku ya mauzo ni mbinu rahisi kuliko zote.

Anza na dashibodi. Ukiwasha swichi kabla ya stata, taa ya cheki injini lazima iwake, kisha izime injini ikishaunguruma. Isipowaka kabisa, balbu imetolewa au waya umekatwa.

Kisha chomeka kifaa, kama gari linakubali. Programu nyingi zina sehemu ya vipimo ambavyo kompyuta imemaliza kujipima, na nyingine inayoonyesha umbali tangu makosa yafutwe. Ikiwa muuzaji anasema gari halijawahi kuguswa na skrini inasoma kilomita 6 huku vipimo karibu vyote havijakamilika, mwombe mwendeshe pamoja hadi Nyakahanga na kurudi, mpumzike, mwendeshe tena. Na saa ya gari itazame mapema: ikisoma saa isiyo sahihi kabisa, betri huenda ilichomolewa siku hiyohiyo.