Shimo Lililovishwa Jina la Jirani

Septemba 2021, wachunguzi wa mapango kutoka Oman walifika kwenye shimo kubwa jangwani Mahra, mashariki kabisa mwa Yemen. Wanane wakashuka kwa kamba, wawili wakabaki juu. Mdomo wa shimo una upana wa mita 30 hivi, kina chake ni mita 112. Kabla ya hapo maofisa wa jiolojia wa jimbo walikuwa wameishia mita 50 au 60. Huko chini Waomani walikuta nyoka, mizoga, maji yanayoporomoka ukutani, na lulu za pangoni, yaani vijiwe vya chokaa vilivyoviringwa na matone. Majini hawakuwakuta.

Dunia nzima ikatangaziwa kwamba Barhut, “kisima cha jahanamu”, kimefikiwa mwisho. Mimi nikajiuliza: Barhut ipi?

Yaqut al-Hamawi, mwanajiografia aliyefariki mwaka 1229, aliiandika Barhut kuwa iko Hadhramaut, mahali panaposemwa kuwa pana roho za makafiri. Si Mahra. Barhut hiyo ya vitabuni iko upande wa kaburi la Nabii Hud, ambako Wahadhrami huenda ziara kila mwaka. Ni Hadhramaut hiyohiyo walikotoka masharifu na Washihiri wengi wa Lamu, Mombasa na Unguja. Mwaka 1931 Mholanzi Daniel van der Meulen na Mjerumani Hermann von Wissmann walifika huko. Wazungu wengine walikuwa wakidhani ni volkano. Wao waliona ni pango tu ndani ya mwamba wa chokaa.

Basi uzushi wa volkano ulikwisha, lakini sifa ya kutisha haikufa. Ilihama. Pango la pembeni mwa mlima halipendezi kwenye picha. Duara jeusi katikati ya jangwa tupu linapendeza mno, hasa likipigwa kutoka angani. Hadithi ya karne nyingi ikavishwa shimo lililo mamia ya kilomita mashariki, karibu na mpaka wa Oman.

Shimo hilo lina jina lake: Khasfat Fujit. Khasfa ni ardhi iliyodidimia, na shina la neno hilo ndilo Qurani inalotumia ardhi inapommeza Qaruni, yule ambaye Waswahili bado tunataja utajiri wake. Kwa maoni yangu jina hili linaeleza zaidi kuliko “jahanamu”. Maji huyeyusha chokaa polepole chini kwa chini, uwazi unapanuka, dari inabaki nyembamba, siku moja inaporomoka. Anayesema khasfa ameshakueleza hayo kwa neno moja.

Tena Wamahra wana lugha yao, Kimahri, ambayo ni ya Kisemiti lakini si Kiarabu. Wageni waliokwenda kwao wakiwa na kamera waliwauliza habari za majini. Ningependa aende mwingine awaulize habari za Fujit.