Shaba Iliyoondoka, Chumvi Iliyobaki



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hunijia kila ninapopita Kasese nikielekea Bwera, na leo nakualika tusafiri pamoja, daftari mkononi. Uganda haina bahari, lakini wilaya hii ina fukwe za maziwa, ina mahandaki yaliyochimbwa na wafanyakazi ndani ya mlima, na ina historia inayomhusu kila raia.

Tuanzie Kilembe, katika bonde la mto Nyamwamba, chini ya milima ya Rwenzori. Uchimbaji mkubwa wa shaba ulianza hapa katika miaka ya 1950, ukiendeshwa na kampuni yenye mtaji kutoka Kanada. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese kwa ajili ya shaba hiyo, na mji ukakua kuizunguka stesheni. Mzigo ulipelekwa Jinja, ambako tanuri lilitumia umeme wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Kutoka huko shaba ilisafirishwa nje kupitia pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1960, ni kahawa na pamba tu zilizoishinda shaba katika mauzo ya Uganda ya nje.

Mambo yaligeuka katika utawala wa Idi Amin. Serikali ilitwaa mgodi, vipuri vikaadimika, bei ya shaba ikashuka duniani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uzalishaji ukakoma. Baadaye treni nayo ikaacha kuja.

Je, kilibaki nini? Zilibaki nyumba za wafanyakazi, mahandaki yaliyojaa giza, na marundo ya mabaki ya madini. Ndani ya marundo yaliyokuwa karibu na mji wa Kasese mlikuwa na kobalti. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kuitoa kwa msaada wa bakteria wanaoyeyusha mawe, nacho kikafungwa katika muongo wa 2010. Lakini kwa miaka mingi mvua ilikuwa imekwisha kuyasomba mabaki hayo, ikipeleka maji yenye tindikali hifadhini kuelekea Ziwa George, na nyasi zikafa njiani. Nyamwamba nao ulifurika vibaya mwaka 2013, ukafurika tena mwaka 2020, ukabomoa nyumba na kuharibu hospitali ya Kilembe. Faida ya shaba iliandikwa katika vitabu vya kampuni. Hasara hii iliandikwa katika daftari la nani?

Sasa tuelekee kusini hadi Katwe, penye ziwa la chumvi ndani ya kasoko ya volkano, hatua chache kutoka ufuo wa Ziwa Edward. Chumvi hii iligombewa na wafalme wa Bunyoro na majirani zao muda mrefu kabla ya Lugard kujenga ngome hapa mwaka 1891. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kisasa, lakini maji makali yalikula mabomba yake, nacho kikasimama upesi. Wanaoendelea hadi leo ni wanawake na wanaume wenye viwanja vidogo ukingoni mwa ziwa. Hukinga maji, husubiri jua, kisha hukusanya chumvi kwa mikono. Kazi yao ni ngumu, kwani maji hayo huchoma kila jeraha. Hata hivyo, imewazidi umri kampuni na mashine.

Safari yetu inaishia Bwera, jirani na mpaka wa Mpondwe. Sokoni utasikia Lukonzo na Kiswahili vikipokezana, maana wateja wengi wanavuka kutoka Kasindi, Kongo. Chumvi ya Katwe imo miongoni mwa bidhaa zinazovuka.

Mwanafunzi wangu, chunguza neno uchumi. Limetokana na kitenzi kuchuma. Achumaye tunda huuacha mti ukiwa hai ili azae tena msimu ujao. Kilembe tulichuma, lakini hatukuutunza mti. Kumekuwa na mazungumzo ya kuufufua mgodi huo, na siku moja wewe utakuwa mpiga kura, diwani au mhandisi. Mtafute mzee aliyefanya kazi mgodini, umsikilize, uandike anayoyakumbuka kwa Kiswahili sanifu. Watakaokuja kuzungumzia shaba watakuja na daftari lao. Nawe uwe na lako.